Duka la silaha Columbus, Ohio: transfa na mafunzo ya bastola

Jamaa yangu wa Kentucky aliniuzia bastola yake, na kwa vile tuko majimbo tofauti sheria ya Marekani hairuhusu mpeane mkono kwa mkono hata kama ni ndugu, lazima ipitie kwa dila (muuzaji wa silaha) mwenye leseni, so akaituma hapa. Mhudumu alinielekeza fomu 4473, ile ya serikali ya kujaza unapochukua silaha dukani, taratibu kabisa, hakunikimbiza. Wenye green card mnaweza kununua, ila beba kadi yenyewe, na ID iwe na anwani unayokaa sasa hivi, yangu ilikuwa ya zamani ikabidi nilete karatasi nyingine ya serikali. Wakapiga NICS, mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za mnunuzi, jibu likaja delayed (limecheleweshwa), hapo usipaniki, sio kwamba umekataliwa.

Sasa mafunzo ndo nimeyapenda mno!! Mwalimu anachanganya risasi bandia na za kweli kwenye magazini bila kukwambia, ukivuta triga kwenye ile bandia mdomo wa bastola unaonekana wazi unavyoinama, basi anakusimamisha, anarekebisha kidole mpaka mkono utulie. Ohio tangu 2022 mtu mzima wa miaka 21 anayeruhusiwa kisheria anabeba bastola iliyofichwa bila kibali, na watu wengi wanaruka darasa, hii inaniumiza sana jamani, hasa wenye watoto nyumbani.

Holsta zao (mifuko ya kubebea bastola) ni ghali na za kitambaa laini, msinunue, tafuteni ngumu inayofunika triga yote. Wikiendi foleni ndefu, nendeni katikati ya wiki asubuhi. Nyota 4.