Bima kubwa na dereva wa miaka 19: yaliyonikuta Dodoma

Sikuwahi kufikiri nitakaa niandike habari za bima, ila hili limenikaa rohoni na limegoma kushuka.

Nina kigari changu cha kunipeleka kazini Mtumba na kunirudisha Ilazo. Binti yangu ana miaka 19, amesomea udereva chuoni, leseni kaipata mwaka huu. Siku nakata bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, tulikuwa wote, nikamwambia wakala kwa mdomo wangu: "Kaka, na huyu ataendesha." Akamwangalia, akatabasamu. "Haina shida mama. Hii kubwa inambeba yeyote mwenye leseni hai." Nikalipa karibu laki tano. Ningeweza kukata ile ndogo ya 118,000, inayomlipa uliyemgonga tu, kama majirani zangu, nikajikamua kwa ajili ya mtoto.

Miezi kadhaa baadaye, nadhani mvua zilikuwa bado, bajaji ikasimama ghafla maeneo ya Sabasaba kubeba abiria, binti akaivaa kwa nyuma. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Trafiki akaja, akapima, akachora ramani, kosa likawa la binti. Hapo hatubishi, wa nyuma ndiye anayetakiwa kuacha nafasi.

Tatizo ni ofisini kwa kampuni ya bima, dawati la madai. Kuna kaka pale, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliishika leseni ya mwanangu kwa vidole viwili, akaigeuza, akainyanyua kuelekea dirishani kama mtu anayekagua noti bandia. Kisha, watu wamejaa kwenye benchi: "We binti, hii ulinunua shilingi ngapi?"

Mtu akacheka.

Ulinunua! Mtoto huyu nimemsimamia Jumamosi nyingi kule Nanenane akirudi rivasi katikati ya ndoo mbili, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alikaa mezani akaandika maelezo ya ajali, akachana, akaandika upya mara tatu ili yawe masafi. Yule kaka akayasoma kwa sauti, sehemu ya "nikashtuka nikakanyaga breki" akaisoma kwa kubana pua kama katoto. Binti yangu hakusema neno. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake tu.

Ndipo yule kaka akanifunulia mkataba. Kuna mstari unasema dereva akiwa chini ya miaka 21, au leseni yake haijafikisha miaka 2, mwenye gari anabeba kiasi cha ziada kila panapotokea dai. Bili ya gereji ilikuwa 1,400,000, na mimi nikatakiwa kutoa 650,000. "Mama, si ulisaini?" Nilisaini fomu, ndiyo. Mkataba wenyewe uliletwa wiki mbili baada ya kulipa, umebanwa kwenye bahasha, Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi. Na wakala aliyetuangalia sote wawili usoni hakuutaja mstari huo.

Haki isemwe. Mwenye bajaji walimlipa bila kumzungusha, na gari langu lilitoka gereji likiwa zuri, rangi huwezi kujua lilipoguswa. Kama ningekuwa na ile ndogo, bati langu ningelinyoosha kwa mshahara. Kwa hiyo sisemi bima kubwa haina maana. Mwenye kijana nyumbani aikate, ila ahakikishe jina na umri wa kijana vimeandikwa, na aulize mbele ya wakala: akigonga huyu, mimi natoa shilingi ngapi?

Lakini hapo nimeandika kwa upole, na nikikumbuka ile zipu upole unaniisha. Kampuni ile sikushauri hata kwa pikipiki. Watu wanachukua hela ya mtoto wakijua ni mtoto, halafu siku ya shida wanamshangaa kwa nini ni mtoto!

Kazini wananiambia nilipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huenda nikaenda kuidai ile laki sita na nusu. Ila hela nimeshazoea kuikosa. Ninachotaka ni yule kaka amwite binti yangu, watu wakiwa kwenye benchi lile lile, amrudishie leseni kwa mikono miwili na amwambie samahani.