Kununua mche wa seji: upi uchukue kwanza, upi uuache

Seji ni mmea wa majani yenye harufu, wa kupikia na wa chai. Ukikuta kibandiko kimeandikwa "seji" tu, usilipe bado. Jenasi ya Salvia, yaani kundi la mimea lenye seji zote, ina spishi zinazokaribia 1,000, na tangu 2017 hata rozimeri imehesabiwa humo kwa jina la Salvia rosmarinus. Miche miwili yenye majani ya kijivu yanayofanana inaweza kuwa na mafuta tofauti kabisa, na mafuta hayo ndiyo unayoyanunua. Uliza jina la kibotania, kisha hakikisha mwenyewe kwa kidole na pua.

Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, geuza jani uangalie upande wa chini. Katikati ya vinyweleo vyeupe utaona vitone vya mviringo vinavyong'aa. Hizo ni tezi za mafuta tete, yaani mafuta yenye harufu yanayopotea hewani upesi. Mafuta yamefunikwa na utando mwembamba unaopasuka jani linaposuguliwa, ndiyo maana mche usioguswa hunukia kidogo tu. Sugua jani moja changa, subiri sekunde kumi, ndipo unuse.

Nafasi ya kwanza: Salvia officinalis. Kwa jikoni, anza na hii. Ni kichaka cha sentimita 60 hivi, shina gumu kama mti chini, majani marefu yenye mikunjo midogo. Harufu yake ni ya kemikali tatu za mafuta hayo, thujoni, kafuri na sineoli, kwa pamoja: kali, yenye uchungu kidogo, na inastahimili moto wa kukaangia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9909 kinaruhusu mafuta yake yawe na thujoni-alfa kati ya asilimia 18 na 43, na kafuri kati ya asilimia 4.5 na 24.5. Tazama upana huo! Ndani ya spishi moja tu, mche mmoja unaweza kunuka kafuri tupu na jirani yake ukawa laini. Iliyooteshwa kwa mbegu ndiyo hutofautiana zaidi, kwa hiyo nusa kila mche unaoufikiria. Usitosheke na wa kwanza.

Aina ya kutafuta ni 'Berggarten', yenye majani mapana ya mviringo na maua machache sana. Nguvu yake inabaki kwenye majani. Hakikisha imetokana na kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichooteshwa, kwa sababu mbegu haziitoi ile ile. 'Purpurascens' yenye majani ya zambarau nayo inafaa kupikia. 'Tricolor', yenye nyeupe, waridi na kijani, inapendeza macho lakini hukua polepole na hudhurika upesi kwa baridi. Inunue kwa ajili ya bustani, si kwa sufuria.

Nafasi ya pili: Salvia fruticosa. Kwa chai, hii inaipita ya kwanza. Sineoli ndiyo inayotawala, kwa hiyo inanukia kama mkaratusi, na kwa kawaida thujoni yake ni kidogo. Kuitambua ni rahisi: mengi ya majani yake yana vipande viwili vidogo kwenye kitako, kama masikio. Huweza kupita mita moja, hivyo chungu kidogo hakiifai.

Nafasi ya tatu: Salvia lavandulifolia. Majani membamba, kichaka kifupi, kafuri na sineoli nyingi, thujoni kidogo sana au haipo. Ni chaguo zuri kwa chungu cha dirishani.

Suala la thujoni lisipuuzwe. Kwa wingi hudhuru mishipa ya fahamu na huweza kuleta degedege. Majani machache kwenye chakula si tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, lakini mjamzito na mwenye kifafa waepuke chai nzito ya S. officinalis, na mafuta tete yake yasimezwe na mtu yeyote.

Nafasi ya nne: Salvia elegans. Harufu ya nanasi, majani laini, maua mekundu siku zinapokuwa fupi. Harufu hiyo hupotea ikipikwa, basi itumie mbichi kwenye vinywaji na matunda. Barafu kali huiua.

Ya mwisho: Salvia sclarea. Mafuta yake, hasa linalili asetati na linaloli, ni ya manukato. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini, wa pili hutoa shina la maua, kisha kwa kawaida hufa. Ukiuziwa yenye shina refu tayari, umenunua mmea unaoaga.

Kabla ya kulipa, toa mche kwenye chungu. Mizizi iwe myeupe na imara. Ya kahawia inayoteleza imeoza kwa maji mengi. Majani ya kijani kibichi, membamba, yenye nafasi ndefu kati ya pingili yanaonyesha mche uliokulia kivulini, na harufu yake huwa hafifu. Utikise: nzi weupe wakiruka, urudishe. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiri unga, ila usiuchanganye na vinyweleo, ambavyo havifutiki.

Nyumbani, tumia chungu cha sentimita 30 chenye matundu, udongo wa bustani sehemu mbili na mchanga mkubwa sehemu moja, jua la saa sita au zaidi. Mwagilia sentimita 3 za juu za udongo zikikauka. Mbolea nyingi ya naitrojeni hurefusha matawi na kupunguza harufu, kwa hiyo iwe ya kiasi. Baada ya maua kata theluthi moja ya urefu, na kila mkato uishie juu ya majani mabichi. Tawi lililokatwa kwenye sehemu ngumu kama mti isiyo na jani mara nyingi halichipui tena.