Zari mbili kwenye kanzu ya Bibi Salme: ya ghali imeniaibisha

Niseme mapema: zari, ule utepe wa nyuzi za rangi ya dhahabu wa kupambia nguo, niliyoinunua kwa bei kubwa ndiyo iliyonitia aibu, na ile niliyoichukua shingo upande ndiyo iliyoko kwenye kanzu mpaka leo.

Mtoto wa mdogo wangu alichaguliwa na skuli yao kuwa Bibi Salme kwenye mchezo. Salme ni binti wa Sayyid Said, mfalme wa Unguja, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866 na kuishia Ujerumani. Mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, fundi ni wewe, sina mwengine." Kitambaa hakikunisumbua. Satini ya zambarau kwa kanzu, na rangi ya damu ya mzee kwa suruali. Kilichonitoa jasho ni zari ya pembeni, maana kanzu ya binti wa mfalme bila zari ni gauni la kulalia.

Ipo ile picha maarufu aliyopigwa Hamburg akiwa amevaa nguo za kwao. Sote tunaijua, lakini ni ya weusi na weupe, haikwambii dhahabu ilikuwa ya rangi gani. Basi nikafungua kasha la marehemu babu. Joho lake limeliwa na nondo mgongoni pote, ila zari ya ukosini haijaguswa, kwani nondo anataka sufu, hana haja na madini. Nikakata kipande cha shibiri moja. Mama akanuna siku mbili.

Kipande kile ndicho kilichonifundisha. Zari ya kale ni uzi wa hariri uliozungushiwa utepe wa fedha mwembamba kuliko unywele, na fedha yenyewe imepakwa dhahabu. Surat, kule Gujarat, India, ndiko inakosifika kazi hiyo. Ukiitazama si njano hata kidogo. Ni rangi ya asali iliyokaa chupani, na kwenye mikunjo imefanya weusi. Nikakitia mkobani, kikawa ndicho mizani yangu kila dukani.

Zari ya kwanza nilinunua Kariakoo, nilikokwenda kwa shughuli nyengine. Duka silitaji. Utepe wa vidole vitatu, shilingi 7,000 kwa yadi. Kijana akaniapia: "Mama, hii zari halisi ya India, haichuji." Chini ya zile taa nyeupe iliwaka kama mkufu wa bibi harusi. Nikatoa kipande cha babu, nikaweka ubavuni, nikaona kabisa kwamba haviendani, halafu nikajidanganya kuwa jukwaani itapoa. Nikachukua yadi nane: 56,000. Hesabu ilikuwa upindo wa chini yadi tatu, shingo na mpasuo wa kifua moja na nusu, mikono moja, miguu ya suruali moja, na iliyobaki ya kukosea.

Nilikosea yote. Kwanza cherehani: mguu wake ukapita juu ya utepe ukaacha mistari myeupe, dhahabu imebanduka. Nikasema haionekani kwa mbali. Usiku nikapiga pasi upindo. Sikuweka moto mwingi, ni ule wa satini tu. Utepe ukatoa mlio mdogo, ukajikunja kama karatasi ya peremende iliyotupwa jikoni. Shibiri mbili mbele ya kanzu, mahali pa kuonekana kuliko pote. Nikakata uzi mmoja, nikawasha kiberiti. Ukayeyuka, ukafanya tone gumu jeusi. Plastiki tupu. Kama ningefanya hivyo dukani, kwa uzi mmoja tu wa kwenye ncha, ningebaki na pesa zangu. Ombeni kipande cha kuchoma. Muuzaji akikataa, na hilo nalo ni jibu.

Zari ya pili niliipata mjini kwetu Unguja, si mbali na Darajani, kwa mzee mmoja anayeuza vifungo, lesi na nyuzi. Ilikuwa chini ya rafu, imejaa vumbi, vidole viwili kwa upana, shilingi 2,500 kwa yadi. Nilipoiona sikuipenda, nilidhani imechuja. Mzee akachomoa uzi kwenye ncha, akaufumua kwa kucha, akaniparuzia: chini yake nyekundu. "Si fedha, mwanangu. Ni shaba imeoshwa fedha, ndani pamba." Nikaweka kipande cha babu juu yake, nikatoka nacho mlangoni kwenye jua. Wala si ndugu wa baba mmoja, lakini ukoo mmoja wanatoka. Mara hii uzi nikauchoma palepale: ndani ukawa jivu lenye harufu ya karatasi, nje ukabaki waya.

Sasa kasoro zake, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Ncha zinafumuka ukizitazama tu. Kabla ya kukata, shona mistari miwili ya karibu karibu kwa mkono, kisha kata katikati yake na ukunje ndani. Gundi usitie, hubaki ngumu na inaonekana. Pili, inachoma. Binti alijikuna shingo kutwa ya mazoezi mpaka nikamtilia pamba nyororo kwa ndani. Tatu, katikati ya bunda nilikuta pamekatika na pameungwa kwa uzi wa kawaida. Mzee akanipa nusu yadi ya bure, hakubishana.

Safari hii cherehani niliifunika. Nilipiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikizia, nikashona kwa mkono, ukingo wa juu na wa chini nikienda upande uleule, maana ukienda huku na kurudi kule utepe hujipinda kama kamba. Na usiuvute. Kitambaa kinavutika na zari haivutiki, ukiivuta tu upindo unakunjamana mawimbi. Mimi huuacha umelala, hata umelegea kidogo. Shingoni ndipo pagumu: nilipitisha uzi wa bandi kwenye ukingo wa ndani wa zari, nikauvuta polepole mpaka utepe ukakubali duara, ndipo nikashona. Pasi ni kwa upande wa nyuma, taulo chini, moto mdogo, bila mvuke.

Siku ya mchezo nilikaa nyuma kabisa, makusudi. Wenzake waliovaa tepe za kung'aa walimeta kila wakigeuka, macho yanaumia. Binti yetu alipoketi karibu na taa ya kandili upindo wake uliwaka taratibu, akisimama unazima. Mdogo wangu akanisukuma kiwiko, hakusema kitu.

Baada ya wiki tatu, mkono wa kulia umeanza kufanya weusi. Nikamuuliza binti, akakiri: "Nilijipulizia manukato, mama mkubwa." Shaba haipendi manukato, jasho, wala hewa yetu hii ya pwani. Nguo ya namna hii unajitia manukato kwanza, ukikauka ndio unavaa. Kuiweka, nimeizungusha kwenye kanga kuukuu iliyofuliwa, sikuikunja, maana nyuzi za madini hukatika kwenye mkunjo, na mfuko wa nailoni nimeupiga marufuku.

Ningeinunua tena ya mzee? Kesho asubuhi. Ile nyengine nimebakiwa na yadi mbili, nimewafungia watoto zawadi za Idi.

Kipande cha joho nimekirudisha ukosini kwa mkono. Mama amevaa miwani akakikagua, akasema nimekishona juu chini.