Fumbo la Jumamosi la Guardian: uzoefu wangu wa kudanganywa kwa haki

Watu huandika uzoefu wao wa simu, majiko ya gesi na kampuni za kutuma pesa. Mimi nataka kuandika juu ya fumbo la maneno. Tena si lolote, ni lile la Jumamosi katika gazeti la Guardian la Uingereza, linaloitwa fumbo la zawadi, ambalo limekula Jumamosi zangu tangu nihamie Leicester. Mara nyingi silimalizi. Nalisema hilo mapema asije mtu akadhani anasoma maneno ya bingwa.

Chemshabongo tulizozizoea kwenye magazeti ya nyumbani huuliza swali la moja kwa moja. Mji mkuu wa Malawi, herufi 8. Unajua au hujui. Ukijua unaandika LILONGWE unasonga mbele. Hili la Waingereza limejengwa kwa namna nyingine. Kila kidokezo ni sentensi inayosomeka vizuri, ina maana yake, na maana hiyo ndiyo mtego. Ukiifuata umekwisha. Ndani ya sentensi mna vipande viwili. Kimoja ni maana halisi ya jibu, na hicho hukaa mwanzoni au mwishoni. Kilichobaki ni maelekezo ya kuliunda jibu lile lile, herufi kwa herufi. Hakuna alama ya kukuonyesha kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mwishoni, ndani ya mabano, utapewa idadi ya herufi, basi.

Nikieleza kwa mifano ya Kiingereza nitawapoteza wengi, kwa hiyo nimetunga vichache vya kwetu. Jaribu hiki: "Kahawa ianzapo, kisha kisiwa cha punda, upate cha kuandikia (6)." Akili inakimbilia baraza la kahawa, bahari, labda barua ya mapenzi. Achana na hayo yote. Kahawa inaanza na KA, kisiwa cha punda ni LAMU, na cha kuandikia ni KALAMU. Kingine: "Mali iliyovurugwa imekuwa barabara nzuri (4)." Neno "iliyovurugwa" linakuamuru uchanganye herufi za MALI. Ukizichanganya unaweza kupata LIMA, MILA au hata IMLA, lakini barabara inakubali moja tu, LAMI. Na cha tatu: "Ngoma na zilipendwa zimeficha cha kukuna (4)." Angalia "na zilipendwa", futa nafasi iliyo katikati, usome herufi nne za mwanzo. Nazi hiyo hapo, ilikuwa mbele ya macho yako muda wote.

Nikiulizwa utamu uko wapi, nitasema uko katika ule uthibitisho wa mara mbili. Ukishapata LAMI huhitaji kumuuliza mtu kama ndiyo yenyewe. Herufi zinasema ni LAMI, na maana inasema ni LAMI. Mtunzi anaruhusiwa kukupoteza njia kadiri awezavyo, ila haruhusiwi kusema uongo. Kila neno aliloliweka lina kazi, na ukilirudia baada ya kulifumbua unakuta alikwambia kila kitu waziwazi. Wewe ndiye uliyesikia jingine.

Kuna kidokezo kimoja cha zamani ambacho Waingereza huwapa wanaoanza. Kimeandikwa hivi tu: HIJKLMNO, herufi 5. Jibu ni WATER, yaani maji. Kwa nini? Kwa sababu herufi hizo zinaanzia H zinaishia O, na kwa Kiingereza "H mpaka O" hutamkwa sawasawa na H2O. Nilipoelezwa hicho nilicheka peke yangu kwenye basi, watu wakanitazama. Kama hakijakuchekesha wala kukuudhi hata kidogo, funga ukurasa huu, mchezo huu si wako.

Sasa Jumamosi yenyewe. Nalichapa kwenye karatasi asubuhi, kabla nyumba haijaamka, napitia vidokezo vyote vya kulia kisha vyote vya chini. Raundi hii ya kwanza ni ya kudhalilishwa. Kuna wiki sipati hata kimoja, nimekaa na jedwali la visanduku 15 kwa 15 jeupe kama kanzu ya Idi. Hapo ndipo wengi huacha, na siwalaumu. Halafu, chai ikiwa imepoa, neno moja linafunguka, mara nyingi lile lililofichwa ndani ya mengine, maana hilo halihitaji maarifa, linahitaji macho tu. Herufi zake zinaangukia kwenye maneno mengine na kona moja inaanza kulegea. Kufika mchana nusu ya juu imejaa na nusu ya chini haijaguswa. Naiacha, napika, nafua, na ajabu ni kwamba majibu mengi huja nikiwa sipo mezani. Nimewahi kuacha kitunguu kinaungua nikakimbilia kalamu. Shemeji yangu alipokuja kututembelea aliniangalia siku nzima kisha akauliza kwa upole, "Shem, hii wanakulipa shilingi ngapi?"

Kinachouma ni namna jedwali la Waingereza lilivyojaa visanduku vyeusi. Karibu nusu ya herufi za kila neno hazikutani na neno lolote jingine, kwa hiyo hakuna wa kukusaidia kuzipata. Katika mafumbo ya Kimarekani kila herufi iko kwenye maneno mawili, la kulia na la chini. Nimelijaribu pia lile la New York Times la Jumamosi, ambalo kwao ndilo gumu kuliko yote ya wiki. La Jumapili ni kubwa zaidi lakini ni jepesi kuliko hilo. Ni gumu kweli, ila ugumu wake ni wa vidokezo vyenye ukungu na majina ya watu wa televisheni yao. Kule, kwa njia, Afrika Mashariki ina makazi ya kudumu: Dar, ya Dar es Salaam, na Idi, wa Idi Amin, wanafaa sana kuziba vipenyo vya herufi tatu. Nilipokutana na Dar mara ya kwanza nilijiona nimepewa zawadi ya kuzaliwa pale.

Turudi Uingereza. Kizuizi kikubwa kwa mtu wetu si Kiingereza. Ukiwa umesoma vizuri, maneno utayajua, na usiyoyajua utayakuta kwenye kamusi ya Chambers, ambayo wachezaji huitegemea sana. Humo utawakuta hata bwana na askari, wamevaa mavazi ya Kiingereza. Kizuizi ni mambo ambayo Mwingereza anayanyonya tangu utotoni. Kidokezo kikitaja baharia, herufi za kuweka ni AB, au TAR, au JACK. Daktari ni DR, MO au GP. Sauti ya chini ni P na ya juu ni F, kwa sababu ya alama za muziki. Neno "model" ni T, kwa ajili ya gari la Ford la zamani, Model T. Halafu kuna kriketi, Mungu atusaidie. Timu ni XI, kwa kuwa wachezaji ni 11 na wanaandikwa kwa Kirumi. Mchezaji akitolewa bila kupata hata mkimbio mmoja husemwa amepata bata, na huyo bata anaandikwa O. Mipira sita ikirushwa bila mkimbio wowote kupatikana huitwa bikira, "maiden" kwa Kiingereza, na bikira ni M. Mimi wa Tanga, niliyekua natazama mpira wa miguu, ningeyajulia wapi haya?

Nimeyajulia kwa jirani. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, akaja Leicester mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, na Kiswahili chake bado ni kile cha dukani Uganda ya wakati huo. Kriketi anaiabudu. Yeye ndiye aliyenifundisha kanuni ya maana kukaa mwanzoni au mwishoni, na mpaka leo nikikwama napiga hodi na karatasi yangu. "Mzee, shikamoo, hapa wanasema upande fulani wa uwanja." Anavaa miwani, anasoma, anatikisa kichwa. "Binti, hapo weka LEG, maliza." Kisha ananieleza kwa nusu saa mechi ya miaka ya sitini ambayo sikuiomba. Bei yangu ya somo ni hiyo.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa "flower". Kila mtu aliyepita darasani anajua ni ua. Unaanza kuwaza waridi, asumini, mkilua. Lakini "flow" ni kutiririka, na mtunzi akiamua, "flower" anakuwa kile kinachotiririka, yaani mto. Tangu nilijue hilo sijaliamini ua lolote la Jumamosi. Mito yao midogo nimeishia kuikariri, Exe, Dee, Cam, Ouse, mito ambayo mingine ukiiona karibu na Rufiji utadhani ni mfereji. Nile hupata nafasi mara nyingi. Rufiji sijaiona bado, naisubiri.

Nadhani sisi wa pwani tuna mafunzo ya nusu ya kazi hii bila kujua. Kufumbiana tumekulia nako. Kanga imeandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", maneno juu juu ni ya simba, na jirani akiiona imepita mlangoni kwake anajua ni yeye. Taarab nzima imesimama juu ya ustadi huo. Watoto nao husema kinyume, wanachukua silabi ya mwisho wanaitanguliza, na mali inakuwa lima. Kwa hiyo kusikia kitu kimoja na kuelewa kingine si kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba fumbo la kanga halina hukumu. Aliyelivaa anaweza kukana, "Mimi nimenunua rangi tu," na hakuna wa kumshika. La Guardian linakubana: jibu ni moja na ushahidi umo mlemle ndani. Nikiwa nimechoshwa na maneno ya watu wiki nzima, nashukuru kukutana na fumbo lisiloweza kukana.

Watunzi nao wana lakabu, sawa na washairi wetu wa magazetini, na baada ya muda unawajua kwa tabia zao. Mmoja anapenda siasa, mwingine matusi ya adabu. Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1926, katika gazeti la Observer, Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo ya hila kwa jina la Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyokuwa ikitesa watu. Warithi wake wakaendeleza mzaha: mmoja akajiita Ximenes, aliyefuata akajiita Azed, ambalo ni jina la mtesaji mwingine, Deza, lililoandikwa kutoka nyuma kwenda mbele. Angalau wanakiri wanachotufanyia.

Ila aliyenigusa ni Araucaria, ambaye sikuwahi kulijaza fumbo lake la wiki mpya hata moja, maana alifariki Novemba 2013 akiwa na miaka 92. Aliitwa John Graham, mchungaji wa Kianglikana, na alilitungia Guardian tangu 1958. Januari 2013 aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana saratani, na alitangaza kwa njia anayoijua: ndani ya fumbo. Juu ya jedwali aliandika sentensi kuhusu hali yake, na penye jina la ugonjwa, kiungo cha mwili na aina ya matibabu akaweka namba za vidokezo. Ili usome habari ilibidi uzifumbue kwanza. Nililitafuta kwenye hifadhi yao nikalijaza taratibu, nikiwa ninajua majibu matatu tayari, na hata hivyo mkono ulikuwa mzito nilipofika kwenye OESOPHAGUS, umio.

Kwa upande wa huduma, kwenye tovuti nimekuwa nikilijaza bila kulipa chochote, na kuna nakala ya kuchapa ambayo ndiyo naipendekeza, skrini ya simu inabana mawazo. Jambo la kujua ni kwamba vitufe vya kukagua herufi na kufunua majibu, ambavyo vipo kwa mafumbo ya siku nyingine, kwa hili la zawadi havipo mpaka majibu yatolewe. Mwanzoni utaona ni ukatili kuvinyimwa. Baadaye utagundua kwamba vikiwepo huna subira, unabonyeza, na ule mshtuko wa furaha unaokuja saa kumi jioni ukiwa unakamua nguo unakuwa umeuuza kwa bei ya chee.

Usianzie hapa. Tangu Aprili 2024 gazeti hilohilo hutoa kila Jumamosi fumbo dogo la wanaojifunza, ambalo linakutajia kabisa aina za hila zilizotumika. Ukilizoea hilo, nenda kwenye la Jumatatu, ambalo kwa desturi ni jepesi la wiki, ukae nalo miezi. La zawadi litakusubiri. Kama una haraka ya kumaliza vitu, au kushindwa kunakuharibia siku, nunua sudoku. Kama una subira, Kiingereza cha kutosha na jirani anayejua kriketi, hutajuta.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku watakayoiweka Rufiji.