TAHADHARI: Betri ya lithiamu ya "200Ah" yenye kilo 11

Wadau wa gari-nyumba, kabla hujamtumia mtu hela ya betri, soma hapa kwanza. Mimi nimeshalizwa.

Safari ilikuwa ya siku nne, mbali na umeme wa gridi. Usiku wa kwanza tu, saa nane, friji ikazima, taa nazo kimya. Nikakagua fyuzi, nikakagua waya, nikamlaumu hadi fundi wangu (fundi, nisamehe). Wakati naingia kulala, kioo kidogo kilicho juu ya betri kilikuwa kinasoma asilimia 80.

Kioo hicho ndicho kilichonipumbaza. Kinapima volti tu, na betri za LiFePO4 (aina ya lithiamu niliyouziwa) hukaa kwenye volti 13 na ushee karibu muda wote, ziwe zimejaa robo tatu au zimebaki nusu, kisha mwishoni huporomoka ghafla. Kwa hiyo ile video aliyonitumia muuzaji, mita ikisoma 13.3, ilionyesha kwamba betri ina chaji. Ina chaji kiasi gani, haikusema.

Niliporudi niliijaza kabisa, nikaifunga mzigo wa wati 60, nikaandika saa. Ampea-saa 200 (ndiyo hiyo 200Ah ya lebo) kwa volti 12.8 ni wati-saa 2,560, yaani mzigo ule ulipaswa kwenda zaidi ya saa 40. Ikakata saa ya 16. Piga hesabu: wati-saa 960, sawa na ampea-saa 75. Ndipo nikaiweka kwenye mizani. Kilo 11! Betri ya aina hii ya ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13 hivi, na ya 200 hukaribia mara mbili ya hapo. Lebo huchapishwa na yeyote mwenye printa, lakini uzito ningeweza kumuuliza kabla sijalipa, wala sikuuliza.

Alinifungia pia paneli ya kukunja ya "wati 400". Ukiitandaza, seli zake hazifikishi mita moja ya mraba. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Wati 400 zitoke wapi? Saa sita mchana, anga jeupe, haikuwahi kunipa zaidi ya ampea 8 kwenye betri, yaani kama wati 100 hivi. Kontrola yenyewe, kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka paneli kwenda kwenye betri, imebandikwa MPPT (aina inayokamua umeme mwingi zaidi wa paneli) na ni nyepesi kama kiberiti, wakati MPPT ya kweli ina koili ndani na unaisikia mkononi.

Sasa jinsi anavyokuzungusha. Kwanza alisema betri mpya lazima "izoeshwe", niijaze na kuimaliza mara kumi. Lithiamu haizoeshwi. Alichotaka ni siku za kurudisha bidhaa ziishe, na zikaisha. Kisha akasema nimeitumia vibaya. Mwisho akakubali kurudisha hela, sharti niisafirishe kwa gharama yangu, akijua vizuri kwamba betri za lithiamu huhesabiwa mzigo hatari, daraja la 9, na wasafirishaji wengi wa vifurushi hawazipokei kwa mtu binafsi. Hapo nilimvulia kofia kwa ujanja.

Kosa langu ni kulipa nje ya mfumo wa soko la mtandaoni nilikompata kwa sababu alinipunguzia bei. Soko likaniambia haliwezi kunisaidia, na siwalaumu.

Akaunti ile ameifuta. Juzi nimeiona picha ileile chini ya jina jingine: betri ya buluu juu ya sakafu ya vigae, kigae cha kushoto kina ufa. Safari hii imeandikwa 300Ah.