Uzoefu wangu na mbegu ya alizeti ya Record: gharama na faida yake shambani Singida

Kwa mkulima wa Singida asiye na mtaji mkubwa, mbegu ya alizeti aina ya Record inafaa, ingawa si kwa sababu ambayo wauzaji wengi huitaja. Wao huisifia kwa unafuu wa bei. Mimi naisifia kwa kuwa mvua ikikata katikati ya msimu, nitakuwa nimepoteza jasho langu na fedha kidogo tu ya mbegu.

Nimeilima kwa misimu kadhaa, na katika baadhi ya misimu hiyo nimepanda pia mbegu chotara, yaani iliyotokana na kuchanganya aina mbili, kwenye kipande cha jirani ili niweze kulinganisha. Record niliipata kwa bei ya ruzuku ya shilingi 3,500 kwa kilo, huku chotara ikiuzwa dukani kwa shilingi 35,000 kwa kilo. Ekari moja, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, huniishia kilo tatu za Record, kwa kuwa huweka punje mbili au tatu kila shimo kisha nikapunguzia miche, au kilo mbili za chotara. Kwa hiyo Record ni shilingi 10,500 kwa ekari na chotara ni shilingi 70,000.

Tofauti hiyo ya shilingi 59,500 haina maana mpaka igeuzwe kuwa magunia. Kilo ya alizeti ikiuzwa shilingi 800, chotara inatakiwa kuzidi kwa kilo 75 hivi, yaani gunia moja la kilo 65 na kidogo, ili irudishe tu bei yake. Hilo si gumu pale penye samadi, palizi ya mapema na mvua ya kutosha. Lakini kilo ikishuka hadi shilingi 500, deni linapanda hadi kilo 119, karibu magunia mawili, na hapo ndipo wengi wetu tulipobanwa mwaka 2023 bei ilipoporomoka. Mbegu hununuliwa mwezi Novemba, ilhali bei ya mazao hujulikana Mei au Juni. Ndiyo maana hesabu yangu huwa naifanya kwa bei mbaya kwanza.

Kuhusu ubora wa punje, ushauri wangu ni kutoamini mfuko kwa sura yake. Ninakwangua lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI) na kuihakiki namba yake kwa simu, kisha nahesabu punje 100, nazikunja katika kipande cha gunia kilicholoweshwa, nakiweka kivulini na kukinyunyizia maji kila siku. Siku ya saba nafungua na kuhesabu zilizotoa mzizi. Zikiota 70 tu, kilo niliyoilipia 3,500 imenigharimu 5,000 kwa hesabu ya punje zilizo hai, na idadi ya punje za kila shimo inabidi ibadilike. Duka moja la pembejeo liliwahi kuniuzia mbegu iliyofunguliwa na kupimwa kwa kopo, na zaidi ya nusu haikuota. Tangu hapo sinunui mbegu isiyofungwa na isiyo na lebo, hata muuzaji akiwa mtu ninayemfahamu.

Udhaifu wa Record upo, na hauna budi kusemwa. Mimea haikomai kwa pamoja: kichwa kimoja kimekwisha inama na nyuma yake imegeuka kahawia, kilicho pembeni yake bado kina petali za njano, hivyo huvuna kwa awamu mbili na kulipa vibarua mara mbili. Ganda lake ni nene, na mashineni gunia la kilo 65 hunipa lita 15 hadi 17 za mafuta, wakati chotara hufikia lita 20 au zaidi. Mwenye kumlipa mkamuaji kwa mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, hatajali sana (na kwa maoni yangu mashudu ni mali ambayo wakulima wengi huiacha kiwandani kirahisi mno), lakini anayeuza mafuta ataiona tofauti hiyo.

Wengi huipenda Record kwa kuwa mtu anaweza kujiwekea mbegu, jambo ambalo kwa chotara halifai, kwani kizazi chake cha pili huvurugika. Ni kweli, ila alizeti huchavushwa na nyuki, ambao Singida haina uhaba nao, na nyuki hawajui mpaka wa shamba langu na la jirani. Mbegu ya akiba huchanganyika haraka, vichwa hupungua ukubwa, na akiba yenyewe ina gharama: ni punje bora ambazo hazikuuzwa. Mimi huchagua vichwa vya katikati ya shamba kwa msimu mmoja, kisha narudi kununua iliyothibitishwa.

Nimewahi kufikiria kuhamia mtama wa Macia, ambao mbegu yake ya akiba hudumu vizuri zaidi. Kilichonizuia ni kuamia ndege: mtama mweupe hutaka mtu shambani kuanzia alfajiri wiki baada ya wiki, na malipo ya mtu huyo yangezidi kwa mbali gharama ya mbegu yoyote niliyoitaja. Vitunguu navyo vina soko zuri hapa kwetu, ila vinahitaji maji ya uhakika, na sina kisima.

Msimu ujao chotara itapandwa kwenye ekari moja tu iliyo karibu na zizi, inayopata samadi, na eneo lililobaki litakuwa la Record mpya, ambayo nitainunua kabla ya mwisho wa Oktoba ili nibaki na muda wa kuirudisha dukani endapo haitaota vizuri.