Saturn imekufa, sawa, lakini sensa yake ipo dukani

Naandika nikiwa bado na hasira. Juzi kati niliingia duka moja la spea hapa Tennessee, jimbo lile lile la Marekani ambako gari za Saturn zilikuwa zikitengenezwa, na plagi ya waya mkononi, pini zake zimeota kutu ya kijani. Nikaiweka juu ya kaunta, nikaomba sensa, kile kifaa cha kupima joto la maji ya injini, ya gari langu, Saturn aina ya SL1. Muuzaji aliisukuma kwa ncha ya kalamu, irudi upande wangu. Akasema kampuni hiyo ilishakufa, spea hamna, nikatafute gari jingine. Kompyuta ilikuwa mbele yake na hakuandika hata herufi moja.

Duka la pili walikuwa nayo rafuni. Haikufika dola 20.

Nawaandikia ndugu zetu mnaofika huku na kununua gari la bei ya chini kwa ajili ya kwendea kazini, maana Saturn kuukuu mtazikuta nyingi na majibu ya aina hii mtayapata. Sensa hiyo si kitu cha kudharau. Zile za kwanza ncha yake ilikuwa ya plastiki. Plastiki ikipata ufa, maji ya rejeta hupenya ndani ya sensa hadi kwenye plagi na kuozesha pini. Hapo kompyuta ya gari inaamini injini ni ya baridi wakati inachemka. Inazidisha mafuta, gari linakuwa gumu kuwaka likiwa la moto, linanuka petroli. Feni nayo haiwaki kwa sababu haijaambiwa kuna joto, na geji inaweza kukaa chini imetulia huku hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu inaungua. Gia oto nazo zinaanza kuingia kwa kishindo, kwa kuwa zinasikiliza kompyuta hiyo hiyo. Kuna gereji zitakushushia gia boksi nzima kwa tatizo la sensa, na huo ni wizi, sina neno jingine.

Kuibadilisha hakuhitaji fundi. Acha injini ipoe kabisa, fungua mfuniko wa maji ili presha itoke, kisha ufunge. Sensa imefungwa kwenye hedi. Ifungue kwa boksi spana ndefu ya 19, na mpya uwe nayo mkono wa pili ili maji yasimwagike mengi. Dai yenye ncha ya shaba. Usiikaze kwa nguvu, ile ni aluminiamu. Badilisha na plagi pia: ukiacha pini zilizooza, sensa mpya itatoa majibu yale yale ya uongo. Mwisho ongeza maji ya rejeta.

Sasa, kwamba kampuni imekufa ni kweli, na hilo nalo linaniuma. GM, yaani General Motors, waliianzisha 1985, gari la kwanza likatoka kiwandani Spring Hill Julai 1990. Bei ilikuwa moja kwa kila mteja, hakuna kupatana. Milango na fenda ni za plastiki, toroli la dukani likiigonga inarudi yenyewe. Halafu wakaiacha miaka na miaka na gari zile zile bila kuwekeza kitu kipya. Zile ndogo zikakoma 2002. Mwaka 2009 GM ikafilisika, kampuni ya Penske ikajitokeza kuinunua Saturn, lakini Renault wakakataa kuwa watengenezaji wake, na tarehe 30 Septemba mpango ukavunjika. Jina likafutwa kwa namna hiyo.

Kwa hiyo nilitaka kuandika hapa: msinunue. Na sababu ninazo. Injini ile ya lita 1.9 inakula oili, na chanzo ni pistoni zenyewe: njia za kurudisha oili kwenye ringi ya chini ni finyu, kaboni inaziba, ringi inaganda, oili inapita na kuungua. Oili yote ni kama lita 3.8 tu. Asiyechomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kila akijaza petroli ataua injini huku akiamini iko salama. Dawa yake: toa plagi zote nne za kuwashia moto, zungusha injini kwa mkono hadi pistoni zote ziwe usawa mmoja katikati ya silinda, mimina dawa ya kusafisha kaboni kama mililita 100 kila tundu, iache usiku kucha. Asubuhi kata umeme wa koili, funika matundu kwa kitambaa, piga stata mpaka dawa yote itoke, ndipo urudishe plagi. Ukirudisha plagi dawa ikiwa bado ndani, utapinda konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni. Kisha mwaga oili, maana dawa imeshachuruzika humo. Wakati mwingine inabidi kurudia mara mbili.

Lakini nikiendelea kuandika naona nawaonea watengenezaji. Taimingi ni ya cheni, si mkanda. Filta ya gia oto iko nje, unaizungusha kama filta ya oili, magari mangapi yana hiyo? Likitetemeka kwenye taa za barabarani gia ikiwa D, mara nyingi ni maunti (kishikio) ya juu ya injini, na unaiona ukifungua tu boneti. Fenda inafunguliwa kwa bolti, hivyo ukipata yenye rangi yako skrepa, unaifunga mwenyewe siku hiyo hiyo. Chagua siku yenye joto, maana plastiki kuukuu kwenye baridi kali inapasuka mkononi.

Basi nunueni, ila yenye gia za mkono kama ipo. Kabla ya kutoa hela, chomoeni plagi ya ile sensa muangalie pini. Zikiwa za kijani, teremsheni bei. Na mwenye kaunta akiwaambia spea hamna, msibishane naye, nendeni duka la pili.